Kasi ya Loai

Jumapili, 11 Januari 2026

Karibu mwaka mzima sijaandika humu. Leo lazima. Nisipoandika nitamwambia mtu, na hili si la kuambiwa mtu.

Loai amerusha 141.

Nilidhani kipima kasi kimeharibika. Nikakielekeza kwenye gari la mkuu wa shule likiingia getini: 18, sawa kabisa. Nikamwambia mtoto arushe tena. 139. Tena. 141. Kilomita mia moja arobaini na moja kwa saa, na anatafuna chingamu!

Ian wa Dubai amenipa kazi hii ya ziada tangu Septemba. Natafuta vijana wa shule hapa Muscat wanaorusha besiboli, nawapima, natuma majina kabla ya uteuzi. Ligi mpya ya Ghuba, timu sita, mishahara ya kweli. Tarehe 7 Februari kila timu itachagua vijana kwa zamu. Miezi minne nimezunguka na hiki kidude kama askari wa barabarani, sijaona kitu. Kumbe kitu kiko hapa hapa Al Khuwair, shuleni kwangu, kwenye kilima cha kurushia nilichojenga mwenyewe kwa toroli na mtunza bustani.

Mimi ndiye niliyemtoa Loai kwenye mpira wa mikono miaka miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyemwonyesha vidole vikae wapi. Kwa hiyo nilipaswa kufurahi. Nikapiga makofi, nikasema safi sana.

Lakini tumboni kulikuwa na kitu kingine. Nakijua jina lake. Leo sikiandiki.

Jumanne, 13 Januari

Wivu. Haya, nimeandika.

Mwanamke mzima wa miaka thelathini na nne namwonea wivu mtoto wa miaka kumi na saba. Joy akijua atacheka mpaka aanguke kitandani. Joy ni nesi, tunakaa naye hapa Ansab, na hana siri wala huruma.

Kuna mpira wa kudanganya. Mkono unakwenda kwa nguvu zote, mpira unafika umechelewa, mpigaji anapiga hewa. Mimi ulinichukua miaka sita. Miaka sita! Leo nimemwonyesha Loai baada ya kipindi cha tatu. Kufikia adhuhuri alikuwa nao. Nikamuuliza umejifunzaje haraka hivi, akasema ni rahisi mwalimu, mkono unajua wenyewe.

Mkono unajua wenyewe. Wangu pia ulikuwa unajua. Chuoni Nairobi nilikuwa mrushaji wa softiboli, na Ian ndiye aliyekuwa akinidakia mazoezini. Ian hakuwa na mkono wowote, mkono wake ulikuwa wa kubebea mabegi. Mwaka wa tatu bega langu likachanika. Na hata lisingechanika, ningekwenda wapi? Nani angemteua msichana wa Meru kurusha mpira kwa mshahara?

Leo Ian anakaa ghorofa ya ishirini na mbili. Mimi nahesabu koni za plastiki baada ya kipindi. Koni moja imepotea tena.

Ijumaa, 16 Januari

Mechi na vijana wa Kikorea. Loai aliwatoa wapigaji kumi na mmoja. Mmoja alirudi benchi akilitazama gongo lake kana kwamba limemsaliti.

Ila niandike juu ya familia, maana sijawahi kuona mashabiki wa namna ile. Magari matatu. Mikeka, chupa za kahawa, haluwa, sambusa, shangazi watano, baba yake, Bwana Harub, na bibi yake, Bi Mahbuba, kwenye kiti chake cha kukunja. Watu wa asili ya Unguja hawa, nyumbani kwao Kiswahili chao kizuri kuliko changu. Na hakuna aliyepiga makofi! Mtoto anamtoa mtu wa tisa, wao wanamiminiana kahawa. Bi Mahbuba midomo inacheza tu, anasoma dua kila mpira.

Baba mmoja Mkorea akaja kuuliza kasi ya kijana ni ngapi. Nikafungua mdomo. Bwana Harub akaniwahi, akasema kawaida tu, bado anajifunza. Bi Mahbuba akaongeza kwamba mtoto mwenyewe hali vizuri, mdhaifu huyu.

Mdhaifu!

Nilielewa baadaye kwamba wanamficha. Kizuri hakitangazwi, watu wana macho ya husuda. Sawa. Lakini ukweli ni huu: nilipowasikia wakimshusha, nilifurahi. Walikuwa wanasema uongo na mimi nikaufurahia kama sambusa ya moto.

Siku ya fainali yangu hakuja mtu. Mama alikuwa gulioni Nkubu na ndizi zake. Nilipompigia simu kumwambia nimeshinda, akauliza nimeshinda nini.

Jumatatu, 19 Januari

Nimekwenda kwa kina Loai kuchukua saini ya fomu. Nikasema shikamoo. Miaka yangu yote Kenya sikuwahi kuisema, nimejifunzia huku. Bi Mahbuba akaitikia marahaba na kunikalisha mbele ya vitumbua. Akataka kujua hizo karatasi zitakwenda wapi. Nikamweleza: picha, urefu, umri, kasi, vyote vinawekwa mtandaoni, dunia nzima inaona.

Akaweka kikombe chini.

Ndipo nikaambiwa habari ya Khattab, kaka yake Loai. Miaka sita iliyopita alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kwenye mtihani. Picha gazetini, simu mchana kutwa, pongezi mpaka kwa watu wasiowajua. Mwezi haukuisha akaanguka bafuni, na kifafa hakijamwacha tangu siku hiyo. Haendeshi gari. Wageni wakija anabaki chumbani kwake. Yuko mle ndani, nyuma ya mlango, na mimi nakula vitumbua.

Bi Mahbuba akanishika mkono. "Mwanangu, nna mmoja tu aliyebaki mzima. Usimwanike juani."

Nikamwambia nitaangalia la kufanya. Loai alinisindikiza mpaka kwenye gari. Pale nje ndipo aliponiambia yake: hataki kitu kingine duniani. Baba ameshamtafutia nafasi ya kusomea uhasibu. Na hii ndiyo nafasi ya pekee, maana mwakani atakuwa amepita umri wa ligi. Mimi nilidhani hajali! Chingamu ile ilinidanganya.

Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Kwamba anataka kitu, na kitu chenyewe kipo.

Jumatano, 21 Januari

Bwana Harub alinipigia simu, tukutane Wattaya, gari lake liko kwenye matengenezo. Tukakaa kwenye makochi ya duka la magari, magari mapya yanameremeta pande zote, kijana wa mauzo anatuzunguka akidhani tunanunua.

Bwana Harub ni mhandisi wa wizarani, mtu wa suruali za pasi hata siku ya mapumziko. Aliona haya. Alizunguka sana. Mwishowe akasema yeye mwenyewe haamini sana mambo haya ya jicho, lakini mama yake, Bi Mahbuba, hapati usingizi. Akaomba niandike kasi ndogo.

"Andika mia thelathini, thelathini na moja. Karatasi ni ya macho ya watu. Yule rafiki yako wa Dubai wewe mwambie kwa mdomo."

Nikaelewa anavyoona mambo. Kwake yeye kazi zote duniani zinapatikana hivi: neno linatangulia, karatasi inafuata baadaye kwa ajili ya faili. Akanieleza hata yeye alivyoingia wizarani. Ami yake alizungumza na mtu, na fomu ikajazwa wiki mbili baada ya yeye kuanza kazi. Wewe unamjua mtoto, akasema, neno lako linatosha.

Ian hafanyi hivyo. Ian ana majina mia mbili na sitini kutoka nchi saba. Kompyuta inayapanga kwa kasi, na chini ya 135 hawafungui hata video. Hilo nalijua. Bwana Harub halijui.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Fupi, ya maneno kumi hivi. Chai ikaja. Nikanywa chai.

Nikasema, haya Bwana Harub, nimekuelewa.

Akanishukuru mara tatu. Ndani ya teksi nikirudi Ansab nilijikuta naimba.

Alhamisi, 22 Januari

Nimetuma. Loai Harub, miaka 17, mkono wa kulia, urefu sentimita 188. Kasi ya juu: 131.

Video nimeiambatisha. Haitafunguliwa.

Nimeheshimu mila za watu. Nimeheshimu bibi mzee. Nimemlinda mtoto.

Muongo mkubwa.

Ijumaa, 23 Januari

Baada ya ibada ya Ijumaa kanisani Ghala, tukila chakula cha mchana, Joy alitaka kujua mbona sikuimba. Nikamwambia yote, yaani nusu. Kwamba familia imeomba namba ishushwe, nami nimeshusha. Joy akasema ni vyema, nyumba ya watu ina taratibu zake, hata kwao Bungoma mtoto hasifiwi ovyo.

Halafu akatafuna, akameza, akauliza kama niliwaambia kuhusu ile 135 ya Ian, ambayo nilishamtajia zamani.

Nikamwambia apitishe chumvi.

Hajaniuliza tena. Huyo si Joy ninayemjua. Joy akinyamaza ujue ameshaona.

Jumanne, 27 Januari

143.

Aliniuliza, mwalimu, inatosha? Nikasema inatosha. Nikaifuta kwenye kipima kasi kabla hajasogea kuitazama. Video nilikuwa nimeshairekodi, imebaki kwenye simu.

Sijui kwa nini sikuifuta na hiyo.

Jumapili, 1 Februari

Ian amepiga simu. Dakika arobaini! Kwanza malalamiko: Bahrain wamemtumia watoto wa miaka ishirini na ndevu, Kuwait wamemtumia mtu asiye na viatu vya kuchezea. Halafu akauliza Muscat kuna nini.

Huu ndio ulikuwa ule mdomo ambao Bwana Harub aliuzungumzia. Simu ilikuwa sikioni. Hakukuwa na mtu chumbani. Ningesema tu, Ian, yule mmoja nimemwandika chini, mfungue.

Nikasema, kuna wa kawaida tu.

Neno la Bwana Harub lile lile! Limetoka kinywani mwangu limenyooka.

Ian akasema pole, najua umejituma. Kisha akasema kitu ambacho hajawahi kukisema miaka yote hii.

"Mildred, mimi bado nakumbuka mkono wako. Ulikuwa unaniuma kiganja wiki nzima. Hawa wote nawatazama nikitafuta kama ule, na siupati."

Nililia baada ya kukata simu. Nililia vizuri, kwa sauti. Miaka kumi na miwili nimengoja mtu aseme hivyo. Na alipokuwa akisema hivyo, nilijua ule mkono anaoutafuta uko wapi. Uko Al Khuwair, kipindi cha tatu, na mimi nimeukalia.

Jumatano, 4 Februari

Leo nimeamua. Nimekwenda mpaka wizarani kwa Bwana Harub, adhuhuri, magari yamejaa kila mahali. Nimepanga maneno. Bwana Harub, kuna jambo sikukueleza. Namba ile niliyoandika inamtoa. Twende tuirekebishe.

Nikamwona anatoka mlangoni. Akaniona. Akainua mkono kwa furaha, akanijia mbio mbio, na kabla sijasema lolote akaniambia mama anataka nije Jumamosi tutazame uteuzi pamoja nyumbani. Mama ameshaagiza mbuzi. Amesema mwalimu asikose, mwalimu ndiye mwenye siku.

Nikasema nitakuja. Nikasema nilikuwa napita tu.

Napita tu! Wizarani, na jua lile.

Nimerudi nikatazama mtandao wa ligi. Majina yamefungwa tangu jana. Wala sikuwa najua yanafungwa lini, sikutaka kujua.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemwombea Loai leo kanisani. Nimeomba apone na wivu wangu. Halafu nikagundua sikuomba mimi nipone nao.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika chooni kwao. Choo cha wageni, marumaru, taulo limekunjwa vizuri, udi unafuka mpaka humu. Mlango nimeufunga. Daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika saa tisa na nusu. Sebule imejaa, shangazi, mabinamu, majirani. Bi Mahbuba akanikalisha kando yake kabisa, karibu kuliko shangazi wote. Mbuzi, wali, mkate wa kumimina, sijui nini. Nilikula kama mtu anayelipishwa faini.

Saa kumi televisheni ikawashwa. Vijana thelathini watachaguliwa, raundi tano. Mtu wa Dubai mwenye koti la buluu anasoma jina, timu, nchi, na kasi. Anasoma kasi kwa sauti! Sikujua hilo.

Hawana wasiwasi hata kidogo. Hicho ndicho kinachoniua. Raundi ya kwanza imepita bila Loai, wakamimina kahawa. Ya pili, haluwa ikazungushwa. Kila jina lisilo lake likisomwa, Bwana Harub ananitupia jicho na kutikisa kichwa taratibu, kama watu wawili wenye siri yao. Subiri, anamaanisha. Tunajua mimi na wewe.

Raundi ya tatu ilipoanza, mlango wa ndani ukafunguka. Khattab. Kanzu nyeupe, kofia, ndevu zimechongwa. Hajatoka mbele ya wageni miaka sita, shangazi mmoja aliniambia hivyo sikioni. Akaketi karibu na mlango, akasema amekuja kumsikia mdogo wake akiitwa.

Loai hatazami televisheni. Ananitazama mimi. Hana chingamu leo. Mkono wake wa kulia ameulaza juu ya goti, umetulia kama mtoto aliyelala.

Jina la ishirini na mbili. La ishirini na tatu. Hapo simu yangu ikalia. Ian, ujumbe kwa watafutaji vipaji wake wote wa nchi saba. Kijana mmoja wa raundi ya nne ameondolewa, umri wake ni wa uongo. Nafasi moja imebaki wazi, itajazwa mwishoni. Kila mtu atume jina moja, kasi ya kweli, na video. Dakika ishirini.

Kisha mwingine, kwangu peke yangu. Mildred, kama kuna mtu ulimkosea kipimo, sema sasa. Sitauliza.

Nikaomba choo.

Video ipo. 143. Mpira unagonga glavu ya mdakaji, na sauti yangu nyuma yake inasema inatosha. Nimeitazama mara mbili humu ndani bila sauti.

Nikituma, nusu saa kutoka sasa mtu wa koti la buluu atasoma mia moja arobaini na tatu mbele ya shangazi watano, majirani, na dunia nzima. Bi Mahbuba atasikia nimemwanika mjukuu wake juani. Nilimwahidi mama mzee. Nilimwahidi na baba. Khattab amekaa pale mlangoni.

Sababu nzuri kabisa. Na nimezifurahia. Naona jinsi ninavyozipanga vizuri moja juu ya nyingine, na chini yake kabisa, nikizitoa zote, naikuta ile ile ya tarehe kumi na moja. Haijapungua hata kidogo. Kama mkono wangu haukwenda popote, kwa nini wake uende.

Nisipotuma, watangoja mpaka jina la thelathini. Halafu watanitazama.

Dakika kumi na mbili.

Hatua za mtu nje. Viatu vya Bi Mahbuba. Amegonga kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, tumbo? Nimwambie binti yangu Balqis akupikie chai ya tangawizi?" Nikasema hapana Bibi, niko salama. Hakuondoka. Nasikia anavyohema. Kisha amesema, taratibu, mdomo karibu na mlango: "Hawa shangazi zake wananiuliza vipi nimekuweka karibu na mtoto siku kama ya leo, mgeni. Nnawaambia, huyu hana jicho. Miaka miwili anamtazama kila siku, na mtoto hajapatwa na kitu."

Simu iko juu ya sinki. Kalamu iko mkononi.

Nimemwambia nanawa mikono, natoka sasa hivi. Nimefungua bomba asikie maji.

Dakika tisa.